Maji ya Dakika ya Kumi na Tano

Ubao ulikuwa msafi kupita kiasi, na hilo ndilo lililomtia mashaka.

Katika ukumbi ule hakuna mtu aliyewahi kufuta ubao kwa hiari yake tangu jengo lisimame. Ndiyo ilikuwa desturi: mhadhiri anaandika, anajipangusa chaki kwenye suruali, anaondoka, na uchafu wake anamwachia anayefuata. Anayefuata anafuta huku akimlaani aliyetangulia, kisha naye anamwachia mwingine. Asubuhi hiyo ubao uling'aa kama sahani ya mgeni. Ulikuwa umefutwa kwa kitambaa kibichi, tena na mtu asiye na haraka. Sasa nani anafuta ubao namna hiyo kama hana cha kuficha?

Mhadhiri wa hesabu akaweka begi chini, akausogelea. Alikuwa mtu mrefu, mwembamba, shati limefungwa mpaka kifungo cha shingo, na wanafunzi walimwita Thibitisha, kwa kuwa hilo ndilo neno lililomtoka mdomoni kuliko salamu. Ukisema mbili na mbili ni nne, yeye: "Thibitisha." Ukimwambia nje mvua inanyesha, anatoa mkono dirishani kwanza. Wanaojua wanasema hata siku ya ndoa yake, alipoulizwa kama anamkubali bibi harusi, aliomba swali lirudiwe ili asije akajibu lingine. Bibi harusi hajasahau mpaka leo.

Akaukagua ubao kama mama anavyokagua masikio ya mtoto aliyedai ameoga. Juu, hakuna kitu. Katikati, hakuna kitu. Pembeni chini, pale kitambaa kilipochoka, akaviona: vistari viwili vya mawimbi, kimoja kimelala juu ya kingine, kwa chaki ya bluu. Alama ya "karibu sawa na".

"Aaa," akasema polepole. "Shemeji."

Maana chuo kizima mtu wa chaki ya bluu alikuwa mmoja tu, na aliinunua kwa pesa yake. Huyo ni mhadhiri wa fizikia, kaka yake mke wa Thibitisha, mfupi wa mviringo, mcheshi, aliyeitwa na wanafunzi Takriban. Kwa Takriban, pai ni tatu, saa nne kamili ni wakati wowote kabla ya saa tano, na alama ya "sawa na" ni ya watu wenye kiburi. Yeye aliandika mawimbi yake mawili na maisha yakaendelea.

Sasa usije ukamwona Thibitisha mtu wa ajabu kwa kukosa raha kisa vistari viwili. Mwanzoni mwa muhula Mkuu wa idara alikuwa amemwita ofisini. Mkuu alikuwa mama wa kemia, aliyetoa maneno tone kwa tone kana kwamba anapima asidi.

"Mwaka jana," alisema, "nusu ya wanafunzi wa fizikia walianguka hesabu zako. Mwaka huu wakianguka tena, kozi hiyo nitampa mtu wa fizikia awafundishe watu wake mwenyewe."

Na kozi hiyo ndiyo iliyobeba mkataba wake. Ikienda, mkataba unaifuata, na Thibitisha anafuata na begi lake. Haya, mtu wa fizikia ni nani? Idara ilikuwa na watatu. Mmoja alikuwa ng'ambo masomoni. Mmoja alikuwa anasubiri kustaafu, na siku hizi alifundisha amefumba macho, wanafunzi wakimsikiliza wamefumba yao. Wa tatu ndiye huyo wa bluu. Kikulacho kiko nguoni mwako, na wakati mwingine kinakuja kwako Jumapili kula chakula cha mchana na kumwita mkeo "dada".

Wanafunzi wakaingia. Hapo napo pakazidi kunuka. Darasa hili kwa wiki nyingi lilikuwa likimtazama kama kuku anavyotazama redio. Leo aliuliza swali, mikono ikapanda. Mikono! Akamchagua kiongozi wa darasa, binti mwenye miwani na ulimi mwepesi, aje kutatua mlinganyo ubaoni. Binti akaja, akaandika, na bila aibu wala kutetemeka, akazidisha pande zote mbili kwa dt.

Kwa asiyejua: kitu kile kinachoandikwa dy juu ya dt, Thibitisha alikuwa ameapa mbele ya darasa hilo hilo kwamba si sehemu. Kina juu, kina chini, kina mstari katikati, lakini si sehemu. Huwezi kukichana dt yake ukaipeleka upande wa pili kama unahamisha kiti. Watu wa fizikia ndio wanaofanya hivyo, mchana kweupe.

"Umefanya nini hapo?"

"Nimezidisha kwa dt, mwalimu."

"Kwani dt ni namba?"

"Si namba sana."

Darasa likacheka. Thibitisha hakucheka.

"Kitu ni namba au si namba. Hakuna cha mguu mmoja ndani mmoja nje."

"Lakini mwalimu, jibu limetoka."

"Hata mwizi hutoka. Swali ni alipitia mlango gani. Nani kakufundisha?"

"Nimefikiria tu, mwalimu."

Macho ya darasa zima yakahamia dirishani kwa pamoja, kana kwamba huko nje kuna harusi inapita. Thibitisha akatazama dirishani. Hakukuwa na harusi. Kulikuwa na ukuta.

Jioni, nyumbani, mkewe alikuwa jikoni na simu sikioni. Alikuwa fundi wa kushona, cherehani yake iko sebuleni, mezani pale pale mumewe aliposahihishia karatasi, hivyo mara nyingi wateja walichukua magauni yenye alama za vema. Thibitisha alivua viatu mlangoni akaingia kimya, jambo ambalo hakulifanya kila siku.

"... hapana, yeye hajui lolote, na usimwambie. Kaka, ngoja, nitakupigia. Kaingia."

"Nani huyo?" akauliza Thibitisha.

"Kaka."

"Anasemaje?"

"Anakusalimia."

"Salamu siku hizi zinanong'onwa?"

"Baba Pacha, chai inapoa."

"Mimi nimeuliza swali."

"Na mimi nimekujibu kwa chai. Kunywa."

Akanywa, lakini kwa mashaka. Chai ilikuwa tamu kuliko kawaida. Sukari hii ya nini?

Siku iliyofuata hakwenda nyumbani baada ya kazi. Alasiri, korido zilipopoa, akarudi ukumbini kwa hatua za paka, akaweka jicho kwenye kioo kidogo cha mlango. Na humo ndani, wallahi, lilikuwemo darasa lake. Lote! Hata yule kijana wa nyuma ambaye asubuhi hulala mpaka akaandikwa usoni na waya wa daftari, alikuwa macho, tena anacheka. Mbele yao Takriban alikuwa anarukaruka na chaki ya bluu, mikono hewani, anaigiza kitu kinachoanguka. Thibitisha hakusikia yote, ila mwishoni Takriban alipunguza sauti, darasa likanyamaza, na maneno yakapita chini ya mlango yakiwa mazima:

"Na msimwambie. Akijua tu, kazi yote imeharibika."

Dalili ya mvua ni mawingu, na hapa mawingu yalikuwa na chaki mkononi. Thibitisha alirudi nyuma, akajificha kwenye kona ya ngazi, akasubiri wanafunzi wapite. Takriban alipotoka wa mwisho, na kitambaa kibichi mkononi, akamtokea kana kwamba anapita tu.

"Shemeji!" Takriban akaruka, kitambaa kikaingia mfukoni kikiwa kinachuruzika. "Mbona umekonda hivyo? Dada yangu anakulisha milinganyo?"

"Hukonda mwenye mawazo. Wewe naona unanenepa. Unakula cha nani?"

"Cha wote. Mimi sibagui."

"Alasiri hizi unakuwa wapi?"

"Napunga upepo, shemeji."

"Upepo wa bluu?"

Takriban akautazama mkono wa shati lake. Ulikuwa bluu mpaka kiwikoni.

"Aa, hii? Nilikuwa namsaidia mtu kazi yake."

"Mtu gani?"

"Mtu," Takriban akampima kwa jicho toka kichwani mpaka viatuni, "takriban wa kimo chako." Akacheka, akampiga bega, akaenda zake, suruali imelowa upande mmoja.

Ukiwa na akili timamu ungemuuliza mtu moja kwa moja yakaisha. Lakini mtu wa hesabu haulizi, anajenga hoja. Thibitisha alilala chali usiku akiipanga: shemeji anawafundisha wanafunzi wangu kwa siri; mke wangu anajua; lengo ni kuonekana kwa Mkuu kwamba yeye anaweza na mimi siwezi; basi kozi anaichukua. Kila hatua ilifuata iliyotangulia. Ilipendeza kiasi kwamba alisahau kumuuliza hata mmoja wao.

Likaja jaribio la katikati ya muhula, ambalo Mkuu alisema ndilo atakaloliangalia. Thibitisha alitunga maswali nyumbani, akayafungia kwenye droo ya meza ya sebuleni. Swali kubwa lilikuwa la tangi. Tangi lina maji ya kimo cha sentimita mia, na tundu chini. Kadiri maji yanavyopungua ndivyo yanavyotoka kwa uvivu: kasi ya kushuka ni mara mbili ya kipeuo cha pili cha kimo kilichopo. Je, baada ya dakika sita kimo ni kiasi gani? Ukitatua vizuri unapata kanuni nyepesi, nzuri kama shairi: kumi utoe dakika, kisha kilichobaki ukizidishe kwa chenyewe. Kumi toa sita ni nne, nne kwa nne kumi na sita. Sentimita kumi na sita, mchezo umekwisha.

Lakini mtu mwenye mashaka haamini kufuli. Juu ya droo, kwenye ukingo kabisa, Thibitisha akasimamisha kipande cha chaki nyeupe. Mtu akivuta droo, chaki inaanguka. Mtego mdogo, safi. Akaenda kulala anajipongeza.

Asubuhi ya jaribio chaki haikuwepo. Haikuwa juu ya droo, haikuwa sakafuni. Imetoweka!

Alisimama pale na viatu mkononi. Mkewe alikuwa ameinama kwenye cherehani, anaimba kwa kinywa kilichobana pini. Anaimba! Thibitisha akafungua droo, akachukua maswali, akatoka bila chai.

Ofisini, mashine ya kudurufu ikiwa tayari inanguruma, akafanya alichoamini ni uamuzi wa kijasiri. Akafuta "sita", akaandika "kumi na tano". Wameiba swali la dakika sita? Vyema, waje na kumi na sita yao waone. Jibu jipya akalipiga kichwani amesimama: kumi toa kumi na tano, hasi tano. Hasi tano kwa hasi tano, ishirini na tano. Akaandika 25 kwenye mwongozo wake wa majibu kwa kalamu nyekundu, akaipigia mstari. Kwa mara ya kwanza katika maisha yake ya kazi hakukuwa na mtu wa kumwambia "thibitisha", na yeye mwenyewe, kwa hasira, alisahau.

Jioni akakaa kusahihisha. Karatasi ya kwanza, swali la tangi: sifuri. Akatabasamu kwa uchungu, akapiga mkasi mwekundu wa kosa. Ya pili: sifuri. Ya tatu: sifuri. Ya kiongozi wa darasa: sifuri, na chini yake kachora tangi dogo lenye utando wa buibui. Akaendelea, moyo unapanda, kalamu inawaka. Sifuri, sifuri, sifuri, kama mayai kwenye trei. Mmoja hakuandika hata hesabu ya mwisho, aliandika tu: Maji yakimwagika hayazoleki.

Thibitisha akaisoma mara mbili. Huu sasa ni ujumbe. Hii ni dharau! Wanamwambia kozi imekwisha kumwagika.

Katika rundo zima walioandika ishirini na tano walikuwa wawili tu, mmoja wao yule mlala nyuma. Thibitisha alikaribia kulia. "Angalau kuna waaminifu," akanong'ona, akampa alama zote.

"Kuna nini?" mkewe akauliza kutoka kwenye cherehani.

"Hakuna."

"Mbona unaongea na karatasi?"

"Karatasi hazina kaka."

Mkewe akatema pini moja kiganjani, akaamua kushona ni rahisi zaidi.

Kesho yake alikuwa kwa Mkuu, rundo kifuani. Aliomba Takriban naye aitwe. Takriban akaja amechelewa, takriban, akaketi, akatabasamu pande zote. Juu ya meza ya Mkuu kulikuwa na jagi la maji na bilauri, kama ilivyo kwa mabosi wote.

"Sema," Mkuu akadondosha neno moja.

Thibitisha akasimama. Alikuwa ameyafanyia mazoezi njiani. Akasema: kuna mtu anafundisha darasa langu kwa siri, kwenye ukumbi wangu, na kuwaambia wasiniambie. Kuna mtu alifungua droo yangu nyumbani. Na huu hapa ushahidi: darasa zima limeandika jibu moja lisilo sahihi. Watu wakikosea kila mmoja kivyake, huo ni ujinga, na ujinga ni wa kawaida. Wakikosea wote mahali pamoja, wamefundishwa kukosea.

"Nataka jaribio lifutwe," akamaliza, "na huyu, ingawa ni shemeji yangu na ameoza kwa utani, aeleze."

Mkuu akachukua mwongozo wa majibu, akauona mstari mwekundu chini ya 25, akachukua karatasi moja, akaona sifuri. Yeye alikuwa mtu wa kemia, hakuwa na haja ya kubishana na wino mwekundu. Uso wake ukakaza.

"Ni kweli hivi ndivyo ulivyowafundisha?" akamuuliza Takriban.

"Kuwafundisha, nimewafundisha." Takriban alikuwa ameshika karatasi ya swali, anaisoma. Alianza akitabasamu. Tabasamu likasimama. Akarudi kusoma tangu mwanzo, midomo ikicheza. Akainua macho kumtazama shemeji yake, na kwa mara ya kwanza Thibitisha alimwona mtu huyu hana mzaha usoni.

"Mkuu," Takriban akasema, "naomba maji."

"Maji?"

"Koo limenikauka."

Mkuu akammiminia. Takriban akanywa yote, taratibu, mpaka tone la mwisho, akaiweka bilauri tupu katikati ya meza, juu ya rundo la karatasi. Akafumbata mikono tumboni.

"Tusubiri," akasema.

Wakasubiri. Feni ilizunguka. Nje mtu alipita anaburuta kiti.

"Tunasubiri nini?" Mkuu akauliza.

"Muulize shemeji. Mimi mtu wa takriban, sijui mambo ya uhakika."

Thibitisha akaitazama bilauri. Mwanzoni aliiona ni dharau nyingine tu. Bilauri tupu. Tangi tupu. Kumi toa dakika, kilichobaki mara chenyewe. Dakika ya kumi, kumi toa kumi, sifuri: tangi limekauka. Na dakika ya kumi na tano...

Damu ikamshuka mpaka kwenye soksi.

Dakika ya kumi na tano, kwa mujibu wa kalamu yake nyekundu, maji yalikuwa yamerudi. Yametoka sakafuni, yamejikusanya, yamepanda kupitia tundu lile lile, na kusimama ndani ya tangi sentimita ishirini na tano, yanamsubiri. Darasa zima lilikuwa limeandika sifuri kwa sababu tangi likishaisha limeisha. Mchimba kisima huingia mwenyewe, lakini huyu alikuwa amechimba, ameingia, na kujimwagia maji ambayo hayapo.

"Labda," Takriban akasema kwa sauti laini, anazikusanya karatasi, "tuyazungumze haya nyumbani. Mambo ya kifamilia, Mkuu. Tumekupotezea muda."

Mlango ulikuwa wazi. Thibitisha aliuona. Angesema "naam", angebeba rundo lake, angesahihisha upya sebuleni, na Mkuu asingejua maisha yake yote. Kozi ingekuwa salama. Lakini mbona shemeji anampa mlango? Mtu akikuonea huruma mbele ya bosi, anataka nini kwako kesho? Halafu kulikuwa na jambo jingine, la aibu zaidi: jibu lilikuwa sifuri. Lilikuwa sifuri hata kama hakuna anayejua.

"Jibu ni sifuri," akasema.

"Unasemaje?" Mkuu akauliza.

"Wanafunzi wako sahihi. Nilibadilisha namba asubuhi ile, nikakokotoa nimesimama. Kanuni ile inafaa mpaka dakika ya kumi tu. Baada ya hapo ni tangi kavu. Mimi ndiye niliyekosea."

Mkuu akageuza karatasi chache. "Basi wamefaulu."

"Wamefaulu. Karibu wote." Akamnyooshea kidole shemeji yake. "Lakini siyo mimi niliyewafikisha. Ni huyu."

"Najua," Mkuu akasema. "Funguo za ukumbi nilimpa mimi."

"Ulimpa wewe?"

"Na nilimuuliza kama ataichukua kozi."

Thibitisha akamgeukia shemeji yake taratibu, kama mlango usiotiwa mafuta. "Akajibu nini?"

"Akasema atafikiri."

Takriban alikuwa anaichunguza bilauri kana kwamba ina maandishi. "Kufikiri si dhambi, shemeji," akasema. "Nilifikiri. Dada angenila nyama."

Mkuu akapima maneno yake, akayadondosha. Kozi inabaki kwa Thibitisha. Madarasa ya alasiri yanakuwa rasmi, kwa jina la Takriban. Na mtu aliyelishtaki darasa zima bila kukagua hesabu yake mwenyewe, aende akaliambie darasa hilo, kwa mdomo wake.

Njiani kurudi nyumbani Thibitisha alipiga hesabu: nusu ya kozi imekwenda. Takriban nusu. Hata hilo neno lilikuwa limeshamwingia.

Mkewe alikuwa anakata kitambaa cha suruali. Juu yake kulikuwa na mistari myeupe, iliyonyooka vizuri sana.

"Hiyo chaki umetoa wapi?"

"Ipi, hii? Niliikuta juu ya droo. Yangu iliisha." Akamwangalia. "Kwani ilikuwa ya kazi?"

"Ilikuwa ya... ndiyo. Ilikuwa ya kazi."

"Baba Pacha, si useme? Una sanduku zima."

Thibitisha akaketi. "Wewe ndiye uliyemwambia kaka yako awafundishe."

"Mimi. Mwaka jana ulirudi na rundo la waliofeli ukakaa nalo hapo wiki nzima huli. Sasa ningekwambia, ungekubali?"

"Nisingekubali."

"Haya. Thibitisha kwamba nilikosea."

Hakuweza. Alijaribu mpaka chakula kikaja.

Asubuhi iliyofuata akaingia ukumbini. Ubao ulikuwa mchafu, mistari ya bluu imejaa kona hadi kona, hakuna aliyejisumbua kuficha tena. Wanafunzi walikuwa wameshaketi, macho yote kwake. Habari huenda mbio kuliko mhadhiri.

"Swali la tangi," akasema. Akakohoa. "Niliwapa alama mbaya kwa jibu zuri. Mlikuwa sahihi. Tangi lilikuwa tupu."

Kutoka nyuma kabisa, kwenye kiti cha mlala, ambaye alama zake zote zilikuwa zimeota mbawa, sauti ikaja ya mtu aliyeisubiri siku hii tangu aanze chuo:

"Thibitisha!"

Ukumbi ukalipuka. Wengine walipiga meza, kiongozi wa darasa akavua miwani kufuta machozi. Thibitisha alisubiri watulie, masikio yakiwaka moto. Halafu akachukua kifutio.

"Vyema," akasema. "Nathibitisha."

Akafuta sehemu ya katikati, akaandika: kipeuo cha pili cha kimo ni sawa na kumi toa dakika. Akawauliza: kipeuo cha pili cha kitu halisi, kinaweza kuwa hasi? Hakiwezi. Basi upande wa kulia nao hauna ruhusa ya kuwa hasi. Basi kanuni inakufa dakika ya kumi, na aliyeendelea nayo mpaka kumi na tano alikuwa anatembea na maiti. "Ninyi mlijua kwa sababu mmewahi kuona tangi," akasema. "Sasa mnajua hata kama hamjawahi."

Kiongozi wa darasa akainua mkono. "Mwalimu, naweza kuzidisha kwa dt sasa?"

"Alasiri," akasema Thibitisha. "Ukizidisha asubuhi, nakukata alama."

Walipocheka tena, aligeuka kufuta ubao uliobaki, na pale kona ya chini akakutana na vistari vile viwili vya mawimbi. Akakiweka kifutio juu yake, akakiacha hapo, akakiondoa bila kufuta. Vilibaki.

Ndipo alipohisi jicho mgongoni. Akageuka ghafla. Kwenye kioo kidogo cha mlango kulikuwa na uso wa mviringo, umebanwa puani, daftari limeinuliwa mpaka kidevuni, unasoma ubao wake kwa makini mno. Ulipoonekana, ukatabasamu, ukazama.

Thibitisha akabaki anakitazama kioo. Shemeji anapita tu? Asubuhi hii? Na daftari mkononi?

Akaenda mlangoni, akaning'iniza koti lake juu ya kioo, akaendelea kufundisha.